Jina lako hukuliandika wewe

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza ufunge siku ngapi ili upako, yaani nguvu ya Roho Mtakatifu juu yako, uongezeke, maana tangu uingie kikundi cha maombezi, wenzako wakiwawekea watu mikono wanaanguka, wewe ukiomba huoni kitu. Nitafika huko. Nianze na wale wanafunzi sabini wa Yesu katika Luka 10.

Walitumwa wawili wawili, bila mfuko, mkoba wala viatu. Tazama agizo lenyewe, mstari wa 9: waponyeni wagonjwa, watangazieni ufalme. Pepo hawakutajwa. Basi waliporudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, walishangilia nyongeza. Bwana hakuikana nguvu ile, kwa kuwa ndiye aliyewapa. Aliihamisha furaha yao tu: furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni. Yameandikwa, mwanangu. Jina lako hukuliandika wewe. Hilo mmelisikia mezani kwetu tangu mkiwa wadogo, na leo nalirudia.

Isome sura iliyotangulia uone kilichomsukuma kuwaonya. Luka 9 inaanza na wale kumi na wawili kupewa uwezo juu ya pepo wote. Mstari wa 40, wameshindwa kumtoa pepo mmoja kwa mtoto. Wa 46, wanabishana nani mkubwa. Wa 49, wamemkataza mtu anayetoa pepo kwa jina la Yesu, kisa hafuatani nao. Wa 54, Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria. Sura moja tu! Na Yuda alikuwemo. Mathayo 10 inamtaja kati ya waliopewa amri juu ya pepo wachafu. Mikono ile ile ikaja kupokea vipande 30 vya fedha.

Ndiyo maana sisahau alivyofanyiwa Bibi yako. Unaukumbuka ule mkutano wa jioni, mhubiri mgeni alipowaita mbele wenye karama, na wengine wakaambiwa wakae nyuma wasubiri kujazwa Roho. Bibi alihamia benchi la mwisho na Biblia yake. Yeye alilelewa na ndugu wa Uamsho huko Bukoba, uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda. Walimfundisha kuungama: dhambi unaitaja kwa jina lake, umeiba sukari unasema sukari, unamrudishia mwenyewe, kisha unashukuru kwa damu ya Yesu. Mpaka leo hajanena kwa lugha ngeni za rohoni. Usiku ule alirudi akiimba njia nzima. Kwangu bado kunauma.

Lakini nijihadhari na mimi. Paulo aliwaambia Wakorintho watake sana karama za rohoni, na wagonjwa wanahitaji kuombewa. Nikikukataza, nimesimama kwenye ule mstari wa 49 wa Luka 9.

Kufunga, funga, ila si kwa kununua. Simoni wa Samaria aliwaletea mitume fedha ili anunue uwezo wa kuwapa watu Roho kwa kuwawekea mikono. Siku zako za njaa zinaweza kugeuka fedha kama zile. Ukiomba, muulize mgonjwa jina lake na anaumwa nini. Maombi yawe mafupi. Mkono utulie begani. Anayeanza kusukuma paji la uso la mtu anaogopa kuonekana hana kitu, na hapo ameshaanza kulinda jina lake mwenyewe. Mwenye presha au kisukari asiache dawa. Arudi hospitali akapimwe, ndipo ashuhudie. Jioni, kabla hujahesabu nani ameanguka, mtajie Mungu kosa lako moja la siku hiyo, umshukuru kwamba limesamehewa.

Kama ubaki katika kikundi hicho au utoke, hukuniuliza. Jibu ninalo, limefika ulimini, nalizuia kwa shida. Ongea nao kwanza juu ya kule kusukuma watu.

Bibi anakusalimu. Macho yake hayasomi tena. Ukija Desemba, msomee Luka 10 kwa sauti.

Baba yako