Dakika wanazozikata wapishi wa televisheni

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Kaona supu ya vitunguu ya Kifaransa ikipikwa kwenye kipindi cha televisheni, kanakili kila kitu, kaalika watu, na alichopakua ni maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye vitunguu vyeupe vikielea. "Yule mpishi alisema dakika nane, mimi nikazipa kumi," analalamika. Sasa anataka kujua ni mpishi gani wa televisheni wa kumwamini, maana wote wanatabasamu.

Nianze na vitunguu, kwa sababu hapo ndipo televisheni inapodanganya waziwazi. Kitunguu ni maji karibu asilimia 90. Maji hayo yasipokauka, joto ndani ya sufuria halivuki sana nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa joto hilo rangi haiji. Kwa kilo moja ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba, weka siagi vijiko vitatu vya chakula, mafuta kijiko kimoja na chumvi nusu kijiko cha chai. Funika kwa moto mdogo dakika 15 vilainike. Kisha funua, koroga kila baada ya dakika tatu au nne, na usiondoke jikoni kwa dakika 40 nyingine. Vikianza kushika chini, tia maji vijiko viwili, ukwangue kwa mwiko. Ile rangi iliyoganda ndiyo ladha yenyewe. Vitanywea hadi vibaki kama robo ya ulivyoanza navyo. Ukikuza moto ili uwahi, ncha zinaungua huku katikati pakiwa pabichi, na supu inakuwa chungu. Wala usifananishe na vitunguu vya biriani. Vile vinazama kwenye mafuta mengi ya moto, maji yanatimuliwa haraka, na dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Nani basi alisema ukweli kuhusu vitunguu? Julia Child, mpishi wa televisheni wa Marekani. Katika kitabu alichoandika na wenzake wawili, kilichotoka 1961, maelekezo ni dakika 15 za kufunika na dakika 30 hadi 40 za kufunua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, kituo cha WGBH cha Boston kilianza kurusha kipindi chake cha mapishi ya Kifaransa. Wakati huo kukata na kuunga mkanda wa video kulikuwa kazi ya gharama, kwa hiyo kipindi kilirekodiwa karibu mfululizo, na makosa yakaachwa yalivyo. Kuna siku aligeuza andazi la viazi likiwa halijashikana, likamwagika juu ya jiko. Akalizoa akalirudisha kikaangoni, akawakumbusha watazamaji kwamba jikoni uko peke yako na hakuna anayekuona. Watu wamekuza kisa hicho hadi likawa kuku mzima aliyeanguka sakafuni. Lilikuwa andazi la viazi, na mtazamaji aliondoka akijua kwa nini lilivunjika: lilihitaji kukaa zaidi motoni upande wa chini ushike, na mkono uligeuza kwa woga.

Hicho ndicho kipimo changu kwa mtangazaji yeyote wa mapishi. Anakuonyesha chakula kikiwa katikati, kibaya, hakijaiva? Anasema kinachoharibika na sababu yake? Au anatia sufuria mbichi kwenye oveni kwa mkono wa kulia na kutoa iliyoiva kwa mkono wa kushoto? Kubadilisha vyombo namna hiyo si dhambi, hata Julia Child alifanya hivyo, kwani nusu saa ya kipindi haiwezi kubeba nyama ya saa tatu. Dhambi ni kutotaja zile saa tatu.

Ukitazama, weka kalamu karibu na uandike kila mahali picha inaporuka. Vitunguu viko vyeupe, kamera inamtazama mpishi usoni, kamera inarudi, vitunguu vina rangi ya asali. Hapo pamekatwa dakika 40. Nyama ina maji, kisha ghafla imekauka na kung'aa. Hapo pana mtu wa nyuma ya pazia aliyeipangusa kwa taulo. Na vile vibakuli kumi vidogo vilivyopangwa mezani, kitunguu saumu kimeshasagwa, nyanya zimeshamenywa, ni kazi ya nusu saa ambayo haimo kwenye muda unaotangazwa. Jamie Oliver, mpishi wa televisheni wa Uingereza, alipotoa mapishi yake ya dakika 30 mwaka 2010, hesabu ilianza birika likiwa limeshachemka, oveni imeshapata moto na mashine ya kusagia imeshafungwa visu. Mwenyewe alisema hivyo, lakini wengi walisikia "dakika 30" tu.

Nyama nayo ina siri yake, na hapa Julia Child alikuwa mkali tangu kipindi cha kwanza, alipopika nyama ya ng'ombe kwa mvinyo mwekundu. Pangusa kila kipande kikauke kabisa, na usijaze kikaango. Kipande chenye maji kinachemka badala ya kukaangika. Kwa kikaango cha sentimita 28, vipande vya gramu 300 hivi kwa awamu vinatosha, na viachiane nafasi ya kidole. Ukisikia sauti ya kuchemka badala ya kuchatachata, umejaza mno. Toa nusu.

Halafu kuna moto. Anayepika tambi za Kichina kwenye televisheni ana jiko la mgahawa ambalo nguvu yake inaweza kufika mara kumi ya ile ya jiko letu la gesi la nyumbani. Wewe ukimwaga tambi kilo moja na mboga zote pamoja, zinatoa maji na kugeuka uji. Pika kwa mafungu ya gramu 250, acha karai litoe moshi kabla ya kila fungu, na mboga zipikwe mbali kisha zichanganywe mwishoni. Martin Yan, mpishi wa televisheni wa Marekani mzaliwa wa China, ni fundi wa karai hilo, na anajulikana kwa kumtoa kuku mifupa kwa sekunde 18. Usiige kasi yake. Tazama mkono wake wa kushoto: vidole vimekunjwa, bapa la kisu linagusa viungo vya vidole, ncha za kucha ziko nyuma. Hilo ndilo somo, na unaweza kulifanya taratibu kabisa.

Kinachowaangusha wengi kimyakimya ni vipimo. Vipindi vya Marekani vinatumia chumvi ya punje kubwa nyepesi, ambayo kwa aina inayopendwa sana na wapishi wa huko, kijiko kimoja cha chai kina gramu 3 hivi. Chumvi yetu laini ya mezani ni gramu 6 kwa kijiko kilekile. Ukifuata neno kwa neno, chumvi inakuwa maradufu. Kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, cha Marekani na Uingereza ni 15. Nyuzi 350 za Farenhaiti ni karibu 180 za Selsiasi, na oveni yenye feni punguza 20. Vipindi vya Uingereza vikitaja unga unaojiumua wenyewe, chukua unga wa kawaida wa ngano gramu 150 na beking pauda vijiko viwili vya chai, uchekeche pamoja mara mbili. Nunua mizani. Mizani ya jikoni itakufaa kuliko msimu mzima wa kipindi chochote.

Na unapopikia ni wapi? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Keki ya mpishi wa London inaumuka kwa pupa halafu inabonyea katikati. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda punguza robo ya kijiko, kwa kila kikombe cha sukari toa kijiko kimoja cha chakula, ongeza maziwa vijiko viwili au vitatu, na pandisha oveni nyuzi 10. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa ana tatizo jingine: hamira. Mkate ambao studio ya Uingereza inausubiri saa moja na nusu, kwenye joto la nyuzi 31 unaweza kuwa tayari kwa dakika 45, na ukiusubiri zaidi unachacha na kushuka ukiwa ndani ya oveni. Acha saa, tumia kidole. Bonyeza unga: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole na kubakiza alama kidogo, choma, lisiporudi kabisa, umechelewa, ukande tena na uuumue upya kwa muda mfupi.

Somo hilo la kidole ni moja ya sababu ninayatofautisha mashindano ya kuoka ya Waingereza yaliyoanza 2010 na mashindano mengine. Mle ndani kuna jaribio ambalo washiriki hupewa maelekezo pungufu kwa makusudi, na baadaye jaji Paul Hollywood anakata mkate, anabonyeza, anasema haukuumuka vya kutosha, na unaona alichokiona. Mary Berry naye, aliyekuwa jaji mle hadi 2016, alipogeuza pai kutazama chini kama imeiva, mtazamaji alijifunza kwamba pai yenye mchuzi lazima ganda lake lichomwe kwanza tupu, limewekewa karatasi na maharage makavu juu, dakika 15, kisha dakika tano bila maharage.

Mashindano mengi yaliyobaki ni mchezo. Sisemi yasitazamwe. Yale ya Kijapani yaliyoanza kwenye Fuji TV mwaka 1993, yenye kiungo cha siri na saa moja ya kupika, yana raha yake, ila mpishi pale ana wasaidizi na jiko ambalo sisi hatutalipata. Ubaya ni pale kijana anapojifunza kutoka huko kwamba kupika ni kukimbia, kutokwa jasho na kudondosha matone ya mchuzi kwenye sahani kubwa tupu, wakati wali wake bado una kiini. Waniite mzee, nimeshaitwa. Ukitaka kuwa mpishi, jifunze kuivisha wali kwanza. Mapambo yatakufuata yenyewe. Gordon Ramsay, mpishi wa Uingereza, yule anayefokea watu hana cha kukufundisha. Gordon Ramsay anayekoroga mayai ana mengi: mayai yanaingia baridi pamoja na siagi kwenye sufuria, yanawekwa motoni sekunde 30, yanatolewa sekunde kumi, yanarudishwa, bila kuacha kukoroga, na chumvi inakuja mwishoni. Ni mtu mmoja mwenye kazi mbili, na televisheni inalipa zaidi ile ya kufoka.

Kwa sisi wa mwambao na bara ya Afrika Mashariki, mwalimu aliye karibu zaidi ni Sanjeev Kapoor wa India, aliyeanza kwenye Zee TV mwaka 1993. Jira, iliki, kotimiri, bizari, hakuna kitu kwenye meza yake usichokipata Kariakoo au Marikiti. Sifa ya upishi wa aina hiyo ni kufundisha kwa dalili: jira ikilia kwenye mafuta, tia kitunguu, nyanya zikaangwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Dalili haidanganyi hata kama jiko lako ni la mkaa. Kwa nyanya nne za wastani hiyo ni kama dakika 12, na anayetia maji kabla ya mafuta kujitenga anabaki na mchuzi wenye ukali wa nyanya mbichi. Siba Mtongana wa Afrika Kusini naye namtazama kwa hamu tangu kipindi chake kilipoanza 2013, kwa sababu unga wa mahindi kwake ni chakula, hauletwi mezani kama kioja.

La mwisho ni kuku, na hapa hata magwiji waligombana. Julia Child alimwosha kuku wake, mpishi Mfaransa Jacques Pépin hakumwosha, na walipopika pamoja mwaka 1999 walibaki kila mtu na lake. Wataalamu wa afya wako upande wa Pépin, kwa kuwa maji ya bomba yanarusha vijidudu hadi kwenye kachumbari iliyo pembeni. Najua hakuna nyumba huku itakayoacha kuosha. Basi osha ndani ya beseni lenye maji machache, mbali na vyakula vya kuliwa vibichi, sugua beseni na sinki kwa sabuni, na umpanguse kuku hadi akauke, la sivyo ngozi haishiki rangi. Kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu anaiva kwa nyuzi 200 ndani ya saa moja na dakika chache. Chomeka kipimajoto kwenye paja, kisome nyuzi 74. Kuku wa kienyeji usimtie oveni akiwa mbichi, hata mpishi akikuapia. Mchemshe kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, saa moja na nusu kwenye sufuria ya kawaida au dakika 40 kwenye sufuria ya presha, mtoe, mwache dakika 20 akauke, mpake siagi, kisha mwoke kwa nyuzi 220 dakika 20. Supu iliyobaki pikia wali: vikombe viwili vya supu kwa kila kikombe cha mchele wa Kyela, na uionje kabla hujaongeza chumvi.