"Tumezoea Hapa" Inaingiaje Kwenye Ramani?

SWALI: Mimi ni ofisa mipango miji. Barabara mpya tunayoipanga inapita kwenye uwanja wenye mti mkubwa, katika mtaa wa zamani. Wakazi wanapinga, lakini ukiwauliza sababu wanasema tu, "Tumezoea hapa." Jibu kama hilo nilifanyie nini?

JIBU: Lichambue, maana limebeba mambo mawili. Kuna utegemezi: pale ndipo wanapopata kivuli au wateja. Kuna pia utambulisho: bila pale, hawajioni kuwa ni wao. La kwanza unaweza kulifidia kwingine. La pili halihamishiki kirahisi. Mtafiti Marc Fried alipozungumza na waliohamishwa West End, mtaa wa Boston, Marekani, uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwakuta wengi wakiomboleza kama waliofiwa.

Chapisha ramani ya kipimo cha 1:2,000 isiyo na mchoro wa barabara yako. Wakiuona mchoro, watabandika alama za kuupinga tu. Mpe kila mtu vibandiko vitano, visizidi, abandike kwenye maeneo anayoyathamini, ili alazimike kuchagua. Kwa kila kimoja uliza: unafanya nini hapa, mara ngapi, na pakiondolewa utakosa nini usichokipata kwingine? Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha utegemezi na utambulisho.

Kisha kaeni pale uwanjani asubuhi na jioni, mhesabu nani anafanya nini, kwani jambo la kila siku mtu hasahau kulifanya ila husahau kulitaja. Huko Manteo, mji mdogo wa North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1980, mbunifu wa mandhari Randolph Hester aliwatazama watu hivyo kabla wakazi hawajapanga orodha ya maeneo wasiyotaka yaguswe. Mengi yalikuwa ya kawaida kabisa, na sheria za hifadhi hazikuyalinda.

Wengi huharibu kazi kwenye kujumlisha. Vibandiko vyote vikimwagwa pamoja, pembe ya watoto au ya wapangaji humezwa na soko. Kila kundi lipewe rangi yake, lisomwe peke yake kwanza. Na mahali ambapo wenyewe wanapaficha, pabaki kwenye faili, si kwenye ramani ya ukutani.

SWALI: Kwa hiyo anayependa mahali hukataa kila mabadiliko?

JIBU: La. Hukataa yanayopaondolea maana. Waulize pia nini kikibadilika hawatajali. Mara nyingi hapo ndipo barabara hupata pa kupita.