Nyanyuka kwanza, ndo usome hii

Juzi dada mmoja kanitumia meseji ananiuliza natumia dawa gani, eti kaona picha zangu za harusi ya mdogo wangu shati limenikaa vizuri. Dada yangu hakuna dawa, mi nanyanyuka tu kwenye kiti. Ila ngoja nikuhadithie maana hii kitu imeniuma muda mrefu.

Mi mhasibu, na we unayesoma hapa najua unatafuta cheo kama mimi, unaingia ofisini saa 2 asubuhi unatoka saa 1 usiku. Tarehe 20 ikikaribia na return za VAT hapo hata mkojo unaubana. Jumamosi nilikuwa nakimbia zangu Coco Beach na wana wa jogging nikajiona mzima kabisa, kumbe jioni nikivua soksi kifundo kina alama kama kimefungwa kamba, na mwaka jana nikapima sukari asubuhi sijala kitu ikaja 6.6. Nesi akaniambia kaka hujafika bado ila njia ndo hiyohiyo. Mama yangu ana kisukari miaka mingi, nakijua kilivyo. Sikulala.

Nikaweka alamu kila nusu saa ya kunikumbusha ninyanyuke nitembee kidogo. Siku ya tatu bosi wangu wa kipindi hicho akanisema mbele ya watu wote, hadi watoto wa field wapo: "We tumekuajiri uhesabu au uzurure?" Wakacheka. Nikazima alamu nikakaa, miezi miwili nimetulia kama jiwe la mafiga kisa aibu. Mpaka leo naisikia ile sauti.

Kilichonirudisha ni habari ya mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, dereva kakaa kutwa, konda anapanda anashuka ngazi, na ugonjwa wa moyo ukawa mwingi zaidi kwa madereva. Basi lilelile jamani! Halafu 2023 watafiti wa Columbia University kule New York walijaribu kwa watu 11, wachache kweli, ila siku waliyotembea dakika 5 kila nusu saa sukari inayopanda baada ya kula ilipungua zaidi ya nusu kuliko siku waliyokaa tu. Misuli ya miguu ikifanya kazi inavuta sukari kwenye damu, na vigimbi vinasukuma damu irudi juu, ndo maana soksi zangu siku hizi haziachi alama.

Nafanyaje? Chupa kubwa ya maji niliitupa, natumia glasi ndogo, ikiisha naenda kujaza. Simu napokea nimesimama. Chai simtumi mtu. Choo naenda cha ghorofa ya juu, kwa ngazi. Na nyanyuka. Narudia, nyanyuka, hata hesabu zisipobalansi, tena hapo ndo hasa, makosa yangu mengi nayakumbuka nikiwa kwenye ngazi. Tunajifanya tunatafuta hela ya kujenga Goba halafu yote iishie kwenye vidonge, cheo gani hicho?

Kabla ya harusi nimepima tena, 5.4. Na soda nimepunguza, nisidanganye.

Ofisi ile nilishahama. Wiki iliyopita yule bosi kanipigia, kuna hesabu zimemgomea anaomba msaada. Nikamuelekeza dakika 20 nzima, nazurura zangu koridoni.