Maswali na majibu: Kwa nini senene niliowakausha wanakuwa wachungu?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa senene, wale panzi wanaoliwa, wilayani Muleba mkoani Kagera. Kila msimu wa Novemba nanunua senene wabichi kwa debe, nawanyofoa mabawa na miguu, nawachemsha kwa chumvi, nawaanika juani siku mbili, kisha nawafunga kwenye mifuko ya plastiki inayoonyesha. Baada ya wiki chache wateja wa Dar es Salaam hulalamika kwamba ni wachungu na wananuka mafuta yaliyokaa, na mifuko mingine huota ukungu. Je, niongeze chumvi?

Jibu: Dada yangu, chumvi usiiongeze. Unazo kasoro mbili zenye vyanzo tofauti. Ukungu unatokana na maji yaliyobaki ndani ya senene, lakini uchungu unatokana na mafuta yake. Senene aliyekauka ana mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa ni ya aina inayoharibika upesi ikikutana na hewa, mwanga na joto. Kwa hiyo zile siku mbili za jua kali, ambazo ulikusudia zimhifadhi, ndizo zinazoanza kuyachachisha mafuta hayo, na mfuko unaoonyesha huendeleza uharibifu huo dukani. Chumvi nyingi huzuia vijidudu kwa kiasi fulani, lakini inaweza kuharakisha kuchacha kwa mafuta.

Anzia kwenye ununuzi. Senene waliorundikwa kwenye gunia hupata joto, hufa, na huanza kuharibika kabla hawajafika kwako. Nunua walio hai, watoe waliolegea, na uwashughulikie siku hiyo hiyo. Baada ya kuwanyofoa waoshe tena kwa maji safi, kwa sababu mikono ya wanyofoaji huacha uchafu mwingi, kisha wachemshe kwa dakika zisizopungua tano tangu maji yaanze kutokota. Wachuje vizuri, uwakaushe kivulini penye upepo au kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa, wakiwa wametandazwa safu moja tu. Desturi ya wazee wetu ya Bukoba ya kuwaweka juu ya jiko la kuni ina msingi wa kitaalamu, kwa kuwa moshi una viambato vinavyochelewesha kuchacha kwa mafuta. Ukiutumia, uwe mwepesi, na usiwafikishe kuwa weusi.

Jinsi ya kujua kwamba wamekauka: chukua senene mnene kuliko wote na uvunje kifua chake. Akikatika kwa mlio, vizuri, akipinda, bado. Kisha tia wachache wangali na joto kwenye chupa kavu ya kioo, uifunge hadi asubuhi. Ukikuta umande ndani ya kioo, rudisha fungu zima kwenye ukaushaji.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usifunge kamwe senene wenye unyevu kwenye plastiki isiyopitisha hewa, hata kama una mashine ya kutoa hewa. Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini mbegu za baadhi yao hustahimili, na mahali penye unyevu pasipo na hewa zinaweza kuota na kutoa sumu. Nchini Kenya watu walikufa kwa sumu ya aina hiyo baada ya kula kumbikumbi waliokaa kwenye mfuko wa plastiki. Kisa hicho kiliandikwa na madaktari mwaka 1980. Waliokauka kweli, waache wapoe kabisa, uwajaze hadi juu kwenye mifuko ya karatasi ya alumini au makopo yasiyopitisha mwanga, uandike tarehe, na uwahifadhi mahali pa baridi. Waliokaangwa wakabaki laini wakae kwenye friza.

Kwenye lebo onya kwamba mtu anayedhurika kwa kula kamba wa baharini anaweza kudhurika kwa senene pia. Kabla ya kupeleka bidhaa madukani, fika TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, na uwaulize SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) kuhusu vifungashio.

Ama mzigo wowote uliorudishiwa na wateja hao, usiukaange upya ili kuficha harufu. Wenye ukungu uwafukie, wala usiwape kuku, kwa kuwa sumu ya ukungu haiondoki kwa moto wa jikoni.