Maswali ya wasomaji: Mstari wa njia unaokatiza maji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza programu ya simu kwa ajili ya madereva wa bajaji na bodaboda wanaochukua mizigo midogo kati ya Mtwara na Lindi. Nimeweka alama mbili kwenye ramani, moja Mtwara mjini na nyingine Lindi mjini, lakini mstari ninaouchora unanyooka na kuingia Lindi kwa kukatiza maji. Nilipojaribu huduma ya njia ya Google, nililetewa herufi zisizosomeka zinazoanza na nzt}@. Nifanyeje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, ramani haikukosea. Uliiagiza iunganishe nukta mbili, nayo ikaziunganisha. Kwamba barabara ya kutoka Mtwara huzunguka kwa kupitia Mingoyo ndipo ielekee Lindi, kwa kuwa mlango wa mto Lukuledi umekaa katikati, ni jambo ambalo kichora mistari hakilijui. Kuzijua barabara ni kazi ya huduma ya njia, ambayo hupokea mwanzo na mwisho wa safari na kurudisha nukta nyingi zinazofuata kila kona. Programu yako huchora vipande vifupi baina ya nukta hizo, na herufi zilizokutisha ndizo nukta zenyewe, zimebanwa ili zisimalize bando la dereva.

Tuzifungue tano za kwanza. Herufi n ina namba 110 katika kompyuta. Toa 63, inabaki 47. Kwa kuwa imefika 32 au zaidi, ni ishara kwamba kipande kingine kinafuata, kwa hiyo toa 32, ubaki na 15. Kwa njia hiyo hiyo z inatoa 27, t inatoa 21, } inatoa 30, na @ inatoa 1, ambayo ni ya mwisho kwa sababu haikufika 32. Kipande cha kwanza kinabaki kama kilivyo, cha pili kinazidishwa kwa 32, cha tatu kwa 1,024, cha nne kwa 32,768 na cha tano kwa 1,048,576. Jumla ni 2,053,999. Namba hiyo ni witiri, maana yake jibu ni hasi: ongeza 1, gawa kwa 2, kisha gawa kwa 100,000, nawe unapata -10.27, ambayo ni latitudo ya Mtwara. Baada yake hufuata longitudo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: kuanzia nukta ya pili, namba zinazokuja ni tofauti tu na nukta iliyotangulia, hivyo ni lazima uzijumlishe moja baada ya nyingine. Usipofanya hivyo, nukta zote zilizobaki zitarundikana karibu na sifuri, katika Ghuba ya Guinea.

Kosa la pili ni mpangilio. Google hutanguliza latitudo, ilhali GeoJSON, muundo wa kuandika data za ramani ambao unaweza kuupata kutoka OSRM, huduma nyingine ya njia inayotumia data za ramani huria ya OpenStreetMap, hutanguliza longitudo. Ukizigeuza, Mtwara yenye -10.27 na 40.18 itaangukia katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Ukiona mstari wako huko, acha kuhangaika na hesabu. Badilisha nafasi za namba mbili.

Nakusihi pia uombe njia mara moja tu, wakati dereva bado ana mtandao, na uzihifadhi herufi hizo ndani ya simu. Mgeni aliyebeba mzigo usiku anautegemea mstari huo, na usipotee kwa sababu mtandao umekatika njiani.

SWALI: Mstari wangu unafuata barabara vizuri, lakini nikiikuza ramani ya mjini unapita juu ya paa za nyumba. Kwa nini?
Msomaji, Lindi

JIBU: Unatumia mstari wa muhtasari wa safari nzima, ambao huduma huupunguzia nukta ili uwe mwepesi. Kila hatua ya safari ina mstari wake wenye nukta nyingi zaidi. Fungua hizo zote, ziunganishe kwa mfuatano, kisha chora. Muhtasari uache kwa ajili ya kuonyesha safari nzima kwa mbali.