Maswali na majibu: Galaksi iliyoacha kuzaa nyota

SWALI: Nimesoma kwamba NGC 1277 ni galaksi ya "lentikula" na kwamba haizai tena nyota. Lentikula maana yake nini? Na je, nikiwa hapa Mwanza naweza kuiona kwa darubini yangu ya inchi 6?

JIBU: Chukua punje ya adesi, uitazame kwa ubavu: katikati imetuna, kingo zimekonda. Ndilo umbo lenyewe, na hata jina limetokana na neno la Kilatini la adesi. Galaksi hizi zina sahani ya nyota kama galaksi yetu, ila hazina mikono ya nyota iliyojipinda kuzunguka kitovu, na gesi baridi iliyobaki ni kidogo mno. Nyota huzaliwa kutokana na gesi hiyo. Ikikosekana, uzazi hukoma.

NGC 1277 iko mbali nasi takriban miaka ya nuru milioni 220 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ndani ya lundo la galaksi la Perseus. Karibu nyota zake zote zilizaliwa zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kwa mkupuo mmoja. Galaksi nyingine za uzito wake ziliendelea kunenepa kwa kumeza jirani zao. Hii haikumeza, kwa sababu ndani ya lundo lile galaksi hupishana kwa kasi kubwa mno, haziwahi kushikana. Kwa hiyo imebaki kama ilivyokuwa ujanani, na kwangu mimi hapo ndipo penye thamani yake.

Huenda umesoma pia kuhusu shimo jeusi lake (kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki) lenye uzito wa Jua mara bilioni 17. Hayo ni makadirio ya mwaka 2012; vipimo vilivyofuata vimeyashusha sana.

Sasa darubini yako. Wiki ya pili ya Januari, kama saa 3 usiku, tazama kaskazini. Ukishaiona Kilimia, shuka kuelekea upeo wa kaskazini hadi nyota Algol. Lundo la Perseus liko nyuzi 2 hivi mashariki ya Algol. Kwa inchi 6, nje ya taa za mji, utaambulia jirani yake NGC 1275, kidoa cha ukungu. NGC 1277 ni hafifu zaidi: tafuta mwenye darubini ya inchi 12, na mkae gizani nusu saa macho yazoee kabla ya kuchungulia.