Chumba kwanza, pombe baadaye

Kaka, umeuliza kama kikundi chenu kimpangishie chumba sasa yule mzee anayelala kibarazani, au kwanza aache pombe. Mpeni chumba. Nani ataacha pombe huku analala juu ya boksi? Finland wanafuata njia hiyo tangu 2008: mtu anapewa mkataba wa kupanga na ufunguo wake, mengine anasaidiwa akiwa ndani. Hata mabweni ya kulala usiku mengi waliyageuza kuwa nyumba za kupanga. Kodi analipa mwenyewe, ruzuku ya serikali inamwongezea. Hapo ndipo pagumu kwenu, ruzuku hiyo hatuna. Kwa hiyo kabla ya kununua godoro, changeni kodi ya miezi sita, na mkataba uandikwe jina lake, si la kikundi.